Kuuliza Si Ujinga

Sekunde arobaini na moja.
Nilizihesabu kwa saa ya mkono;
mashine ikikuchelewesha, usiiamini na saa yake.

Ulaanbaatar, ghorofa ya saba, Februari,
nje nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeegemea dirisha kama mdai.
Simu tena. Tserendulam, karani wa wilaya ya mbali:
"Solongo, kile kiduara chenu bado kinazunguka.
Nina watu kumi na tisa kwenye benchi
na chai ya chumvi imekwisha."

Ulikuwa mwaka wa zud, theluji iliyoganda kuwa kigae,
mifugo ikifa ingali imesimama.
Kila aliyepoteza alikuja kudai bima,
na kila dai lilipita kwenye programu niliyoiandika mimi
zamani, jedwali lilipokuwa na wanyama elfu mbili.
Elfu mbili! Hata uzembe hukimbia
kwenye kiwanja kidogo.
Sasa wako milioni kumi na nne.

Bayarmagnai, bosi wangu, akasema: tununue seva kubwa.
Nikamwambia, aliyepotea ukimpa farasi wa mbio
atazidi kupotea, tena mapema.

Nikakaa na hifadhidata peke yetu.
Usinipe jibu, nikaiambia, nipe nyayo.
Ikanionyesha, bila haya:
kumpata mbuzi mmoja wa mzee Damdinsuren
ilianza na mnyama wa kwanza wa nchi nzima,
ikamtazama sikio, siye,
ikamwendea wa pili, siye,
ngamia wa jangwani, siye,
mpaka ukingoni mwa jedwali, na hata ilipompata
haikusimama, ikaendelea, huenda wapo wengine.

Na si hilo tu.
Programu iliuliza: nani wana madai?
Ikapewa majina mia tatu na sita.
Ikashukuru, ikatoka, ikabisha hodi:
wa kwanza alikuwa na mbuzi wangapi?
Ikatoka, ikabisha hodi:
na wa pili je?
Kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani,
akarudi, akatumwa kiberiti,
akarudi, akatumwa sabuni,
na kikapu kitupu mkononi muda wote.

Kuuliza si ujinga, husema watu.
Kuuliza namna hii ni ujinga, na ni wangu:
mstari wa themanini na nane hadi wa tisini na tatu,
jina langu pembeni, na tarehe.

Hodi mia tatu na sita nikazifunga fungu moja.
Kisha nikajenga faharasa:
namba ya mfugaji kwanza, mwaka baadaye.
Kinyume chake nilikijaribu saa tisa usiku,
hakikufaa kitu, nikala biskuti, nikakifuta.

Faharasa nayo ina ushuru wake.
Kila mnyama mpya sasa huandikwa mara mbili,
jedwalini na humo, na kuandika kunakuwa kuzito.
Nilisita kidogo hapo.
Halafu nikakumbuka:
mwaka huu nani anaandika wanyama wapya?

Asubuhi Tserendulam hakunisalimu.
"Umefanya nini?" Robo sekunde.
Akaiacha simu wazi mezani, nikasikia benchi likilia,
viatu vizito, kikohozi, namba ikisomwa taratibu.
Ukurasa ulifunguka
kabla mzee hajavua glavu ya pili.

Mbuzi mia mbili na kumi na wawili, wamekufa.
Kondoo tisini, wamekufa.
Hai, sita.

Kimya. Zile sekunde arobaini
watu walikuwa wakizitumia kwa jambo fulani,
na mimi sikuwahi kuliuliza.

"Imekwenda haraka mno," nikamsikia Damdinsuren.
"Labda imekosea. Iulize tena."
Tserendulam akaiuliza tena.

Robo sekunde.
Sita.